Safari ya Ndege Ipimwe kwa Muda, Si kwa Kilomita

Buguruni ipo kati ya soko la Kariakoo na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na miongoni mwa wanaoipita wakiwa na mabegi yao ni wafanyabiashara waendao Guangzhou kufuata bidhaa. Kutoka Dar es Salaam hadi mji huo ni takriban kilomita 8,700 kwa njia ya anga. Umbali huo ndio husimuliwa. Mwili, hata hivyo, huhesabu muda wa kukaa kitini.

Muda huo hausomeki kwa urahisi katika tiketi, kwa kuwa kila saa iliyoandikwa humo ni ya mahali husika, na China iko mbele ya Tanzania kwa saa 5. Ndege irukayo kwa saa 11, ikiondoka Dar es Salaam saa nne asubuhi, hutua Guangzhou saa nane usiku. Asiyejua hudhani amesafiri saa 16. Wakati wa kurudi, muda uleule huonekana kuwa saa 6 tu. Anayebadili ndege njiani hukaa zaidi.

Kosa hilo la hesabu lina madhara. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa safari ya saa 4 au zaidi, iwe ya ndege, basi au gari, huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo ni ndogo. Kwa mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani au aliyewahi kuganda damu, ni kubwa zaidi. Bonge hilo likifika kwenye mapafu, laweza kuua.

Mgonjwa wa kisukari naye akifuata saa ya ukutani ya ugenini bila mpango, aweza kuchoma insulini mapema mno, sukari ikashuka, au kuchelewa, ikapanda.

Yapo maoni kwamba safari ni jambo la msafiri na wakala wake wa tiketi, na kwamba foleni ya wagonjwa haimwachii muuguzi nafasi ya kuliuliza. Lakini maswali mawili hayamalizi dakika moja: unasafiri lini, na utakaa kitini kwa muda gani? Yanastahili kuulizwa katika kila kliniki ya kisukari, ya wajawazito na ya waliofanyiwa upasuaji.

Mgonjwa naye aende na tiketi yake kliniki kabla ya siku ya safari, ratiba ya dawa ipangwe. Insulini ibebwe katika mkoba wa mkononi, kwani ndani ya mizigo yaweza kuganda kwa baridi. Safarini anyooshe miguu na kutembea kila apatapo nafasi. Akirejea, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, asiseme ni uchovu. Awahi hospitali na aeleze kwamba alisafiri.