Viambatisho Yatima kutoka Mbinga

Mwanafunzi wangu wa uzamili alirudi kutoka Mbinga na kompyuta mpakato iliyolowa maji ya Ziwa Nyasa, ndani ya boti baina ya Liuli na Mbamba Bay. Fundi aliinusuru diski. Tulipofungua Zotero, maktaba ilikuwa tupu, maana kanzidata ilikuwa imeharibika. Hata hivyo, ndani ya folda iitwayo storage mafaili yalikuwamo, kila moja katika kijifolda chenye jina la herufi na tarakimu nane zisizomweleza mtu lolote. Viambatisho vya namna hii huitwa yatima: vimefiwa na rekodi iliyosema ni vya nani na vya mwaka gani.

Kuviokoa si kazi ngumu. Funga programu, kisha nakili folda nzima mahali pengine kabla ya kugusa chochote. Litafute faili la zotero.sqlite.bak, likiwa zima, nakala yake ukiipa jina la zotero.sqlite, maktaba hurudi ilivyokuwa nakala hiyo ilipohifadhiwa. La kwetu lilikuwa bovu pia. Tukaanzisha maktaba mpya, tukaziburuta PDF zote ndani, tukaiachia programu isome kurasa za mwanzo, itafute namba ya DOI au ISBN, iulize mtandaoni na kuunda rekodi. Madokezo na mafungu aliyoyapanga hayakurudi.

Makala za majarida ya Ulaya na Marekani zilipata majina yao ndani ya dakika chache. Zilizobaki yatima zilikuwa za kwetu: picha za daftari za chama cha msingi cha kahawa, tasnifu iliyopigwa taipu, taarifa ya uvuvi isiyo na jalada, mahojiano kuhusu ngoro. A. H. Pike aliandika juu ya kilimo hicho cha Wamatengo mwaka 1938 katika Tanganyika Notes and Records, naye hutajwa hadi leo. Mama aliyemweleza kijana wangu jinsi wanawake wanavyofukia kwa udongo nyasi zilizopangwa miraba mteremkoni alikuwa na kumbukumbu moja tu duniani, nayo ndiyo iliyopotea.

Mtumishi wa umma asidhani haya ni ya wasomi peke yao. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Taarifa ya uvuvi iliyoandikwa “Wilaya ya Mbinga” bila tarehe inahesabu wavuvi wa mwambao, au inawaacha nje? Anayepanga bajeti kwa karatasi hiyo anabahatisha.

Lawama naianzia kwetu wahadhiri. Tunamkata mwanafunzi alama kwa mkato uliokosewa katika orodha ya marejeo, lakini hatumuulizi ile picha ya daftari aliipiga wapi, lini, kwa ruhusa ya nani. Chuo kingeweza kudai orodha ya nyaraka za uwandani pamoja na tasnifu, kikaitunza maktabani na kuipa kila tasnifu kitambulisho cha kudumu. Ofisi za wilaya nazo ziandike tarehe na jina la mwandishi kwenye ukurasa wa kwanza. (Mihuri tunayo ya kutosha.)

Baada ya siku tatu za kulinganisha miandiko na tarehe za picha, yalibaki mafaili kumi na moja yasiyo na mwenyewe. Kijana ameyachapisha karatasini. Mwezi ujao anapanda basi la Mbinga, kwa nauli yake, akawaulize wenye daftari.