Mgeni wa Langoni

"Kichaka ni kichaka," walisema wanafunzi wangu siku ya kufyeka uwanja wa shule, na mapanga yao yakaifuata kauli hiyo. Jioni nikaona waliyoyatenda. Mimea ya asili kandokando ya ua ilikuwa imelala chini. Lantana ya langoni, yenye maua ya manjano na mekundu katika kishada kimoja, imeachwa imesimama kwa kuwa yapendeza. Mgeni amesamehewa, wenyeji wamehukumiwa! Huo ni uvivu wa macho, wala siwezi kuunyamazia.

Lantana hiyo, ambayo wataalamu huiita Lantana camara, asili yake ni nchi za joto za Amerika. Ililetwa kupamba bustani na kuzungushia boma, nayo ikaruka boma. Ndege hula matunda yake na kuzitawanya mbegu. Ng'ombe alaye majani yake huugua ini, na ngozi yake huchubuka kwa jua. Huko Alego, Nyanza, ugonjwa wa malale ulipozuka katika miaka ya 1960, mbung'o walikutwa katika vichaka vyake karibu kabisa na nyumba za watu.

Basi shika shina utazame. La mgeni lina pembe nne na, mara nyingi, vijiiba vilivyopinda kama kucha za paka. Maua yake huchanua manjano, kisha hugeuka rangi ya machungwa, mekundu au ya waridi. Matunda yakiiva huwa meusi. Usihukumu kwa harufu peke yake, maana ukoo mzima hunukia. Lantana viburnoides ya kwetu haina miiba. Maua yake ni meupe, na matunda ni ya zambarau. Lantana ukambensis nayo haina miiba, na majani yake mara nyingi hutoka matatu matatu katika kifundo kimoja, ilhali ya mgeni kwa kawaida hutoka mawili mawili. Lippia kituiensis, ndugu wa mbali kidogo, ina maua madogo meupe na tunda kavu. Ukamba na Kitui zimo katika majina hayo, nasi twaifyeka mimea yenyewe bila kuijua hata sura.

Wako wasemao kwamba elimu hii ni ya wataalamu. Mchungaji asiyejua kusoma huutambua mmea kwa kuugusa tu. Je, mwanafunzi wa sekondari ashindwe kugeuza jani? Tena panga halitoshi, kwa kuwa lantana ikikatwa huchipua kisikini, yataka jembe. Ile ya langoni ingali imesimama, na asubuhi ya leo ndege walikuwa juu yake.