Kulala katika kasri la Grogan: Ni anasa, au ni haki ya mke na mume?

Haya ndiyo majira ya kipupwe. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu huvifunika vilele vya milima ya Taita, na wakazi wa Wundanyi hushinda na masweta hata saa sita za mchana. Huku chini Voi na Ndara, ambako jua halina huruma sehemu kubwa ya mwaka, mtu huweza kuketi nje bila kujipepea. Waliojaliwa kuvuna wamekwisha kutia ghalani, na mwezi wa Agosti watoto hufunga shule wakaenda kwa nyanya. Kama kuna wakati ambao mume na mke wangeweza kuyapa kisogo mambo ya nyumbani kwa siku mbili wakapumzika, basi ndio huu.

Lakini ni wangapi kati yetu hufanya hivyo? Wengi wetu husafiri pamoja na wake zetu au waume zetu kwa sababu mbili tu: matanga na mahari. Safari ya tatu, ile ya kwenda kutulia wawili, huonekana kuwa kichekesho.

Juma hili nimepokea barua kutoka kwa bibi aliyejiita Mama Watoto wa Ndara. Nimeifupisha, lakini maneno ni yake.

"Mimi na mume wangu tuna miaka 16 katika ndoa na watoto wanne. Msimu wa mahindi hatulali. Tunakesha shambani kwa zamu tukipiga madebe kwa sababu ya ndovu, yeye nusu ya usiku na mimi nusu, kwa hivyo hata kitandani hatukutani. Mwaka huu zamu yangu ya chama ilifika nikapata Sh20,000. Nilimwambia Baba Watoto tuchukue sehemu ya pesa hizo twende Taveta siku mbili, tulale katika ile nyumba ya Grogan iliyo juu ya kilima. Babu yangu mzaa mama alikata mkonge chini ya kilima hicho. Alifika kwenye nyumba ile mara moja tu, alipotumwa kupeleka kuni, na akaishia mlango wa nyuma. Mume wangu alicheka mbele ya mama yake. Alisema hayo ni mambo ya wazungu, na kwamba hawezi kulipa pesa alale kwa mtu aliyewachapa Waafrika viboko. Tangu siku hiyo tunazungumza habari za karo na ndovu tu. Je, nina makosa?"

Dada yangu, huna makosa. Lakini mumeo naye amesema mambo matatu ambayo hayafai kupuuzwa. Amesema juu ya pesa, juu ya desturi, na juu ya Grogan. Tuyachukue moja moja, tukianzia na la mwisho kwa sababu ndilo zito.

Ewart Grogan alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1874. Alijulikana duniani kwa safari yake ya kuvuka Afrika kutoka kusini hadi Kairo kati ya mwaka wa 1898 na 1900, sehemu kubwa kwa miguu. Husimuliwa kwamba alifanya safari hiyo kwa ajili ya mwanamke. Alimpenda msichana aitwaye Gertrude, na baba wa kambo wa msichana huyo alitilia shaka kama kijana huyu ana maana yoyote. Grogan akatembea bara zima kuthibitisha kwamba anayo, kisha akamwoa.

Huyo ndiye Grogan wa mapenzi. Grogan wa pili ndiye anayemjua Baba Watoto. Mnamo Machi 1907, mbele ya mahakama ya Nairobi na mbele ya umati wa walowezi, aliwachapa viboko Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta rikisho, kwa madai kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Hakungoja hakimu. Alihukumiwa kifungo kwa kitendo hicho, lakini aibu ile haikumzuia kuendelea kuwa mtu mkubwa katika siasa na biashara za koloni. Baadaye alipata ardhi kubwa Taveta akapanda mkonge, na katika miaka ya 1930 akajenga juu ya kilima nyumba ambayo hadi leo watu huiita kasri. Mke wake alipofariki mwaka wa 1943, alitoa kiwanja Nairobi ili ijengwe hospitali ya watoto ya kumkumbuka. Hospitali hiyo iliyoanzishwa mwaka wa 1947 ndiyo Gertrude's ambayo wazazi wengi wa Nairobi wanaijua. Yeye mwenyewe alifariki Afrika Kusini mwaka wa 1967.

Kwa hivyo Baba Watoto hakudanganya. Tena anaweza kuongeza kwamba jeraha la ardhi Taveta halikuzikwa pamoja na Grogan. Mashamba makubwa ya mkonge yaliacha nyuma yake watu wengi walioishi kama maskwota katika nchi ya babu zao, na kilio hicho kimesikika chini ya serikali zote tangu uhuru. Mtu wa Taita Taveta akikasirika anapotajiwa kasri hilo, hasira yake ina mizizi.

Lakini nauliza swali moja. Je, kasri lile liliinuliwa na mikono ya Grogan peke yake? Nani alipandisha kuni na maji kilimani, na nani alikata mkonge uliolipia nyumba? Bila shaka hao walikuwa watu kama babu yake Mama Watoto. Huyu bibi haombi kwenda kumsujudia mlowezi. Anataka kupanda njia ile ile aliyopanda babu yake na mzigo wa kuni begani, apite mlango wa mbele, aketi barazani na mume wake na aletewe chai. Mimi naona hiyo ni namna ya kumaliza safari ambayo mzee hakuruhusiwa kuimaliza. Na kama Baba Watoto angemwuliza mke wake kwa nini amechagua nyumba ile na si nyingine, angelisikia hilo kabla ya kucheka.

Hapa ndipo lilipo kosa, mpenzi msomaji. Kukataa safari si kosa, kwani mume ana haki ya kukataa kama mke alivyo na haki hiyo. Kosa ni kumcheka mke mbele ya mama mkwe. Mwanamke aliyekesha nusu ya usiku kulinda mahindi ya nyumba yake, akaweka akiba shilingi kwa shilingi, kisha akamkumbuka mumewe katika mipango yake, hastahili kufanywa mzaha. Wako wanawake wengi ambao pesa za chama zikifika, mume ndiye wa mwisho kujua.

Tuje kwenye desturi. Baba Watoto anasema mapumziko ya wawili ni mambo ya wazungu. Si kweli. Sisi Waswahili tuna neno letu la zamani, fungate. Ni zile siku saba ambazo bibi arusi na bwana arusi hukaa ndani, wanapikiwa, wanatandikiwa, na hawagusi kazi. Wazee waliona kwamba watu wawili hawawezi kujuana katikati ya kelele za jikoni na wageni, wakawatengea siku zao. Tatizo letu ni kudhani kwamba kujuana huko hutosha mara moja kwa maisha yote. Mtu uliyemjua akiwa na miaka 22 si yule yule akiwa na miaka 40. Amezika wazazi, amelea watoto, amekosa usingizi. Usipopata nafasi ya kumjua upya, utajikuta unaishi na mgeni ambaye mnafahamiana tu juu ya karo.

La pesa ni la kweli pia, na sitalipaka mafuta. Sh20,000 katika nyumba yenye watoto wanne si mchezo. Zinaweza kununua sare na vitabu, au kuongezwa kwenye akiba ya tangi la maji. Kwa hivyo ushauri wangu kwa Mama Watoto ni huu: usizitumie zote. Kaa na mumeo mzigawe waziwazi, sehemu ya shule, sehemu ya nyumba na sehemu ya ninyi wawili. Ile ya ninyi wawili iwe kiasi ambacho hata ikipotea njiani hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani. Kikitosha usiku mmoja tu, mwende usiku mmoja.

Halafu yako mambo ya kuangalia. Nyumba ya Grogan katika miaka ya hivi karibuni imekuwa ikipokea wageni kama hoteli. Piga simu kabla ya kufunga safari ujue kama wana nafasi, na uulize bei ya wenyeji, maana bei ya mwananchi na ya mtalii hazifanani. Uliza kama chakula kimo ndani ya bei au ni mbali, kwa sababu ni huko wengi hunaswa. Kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100 za lami kupitia Mwatate, Bura na Maktau, na mwendo huo huchukua asubuhi moja tu.

Njiani mna mengi ya kuzungumzia badala ya ndovu. Njia hiyo ndiyo waliyofuata wanajeshi wa Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakijenga reli kutoka Voi huku wakisonga mbele. Wajerumani waliitwaa Taveta mwezi wa Agosti 1914, na tarehe 12 Februari 1916 Waingereza na wenzao wa Afrika Kusini walichapwa vibaya kwenye kilima cha Salaita. Makaburi ya vita yako Voi na Taveta. Mkifika kilimani, amkeni alfajiri mketi nje, kwani Kilimanjaro huonekana vizuri kabla mawingu hayajapanda. Upande mwingine mtaona ziwa Jipe na milima ya Upare ya Tanzania. Ziwa Chala nalo liko karibu, na ni zuri mno ndani ya shimo lake la volkeno, lakini tazameni kwa macho tu. Msiingie majini, mna mamba. Mkirudi pitieni soko la Taveta mnunue ndizi. Hivyo sehemu ya pesa zenu itabaki mikononi mwa wajukuu wa wakata mkonge, na Baba Watoto atakuwa na dukuduku moja pungufu.

Na kama bei itawashinda, msikate tamaa. Hoteli kubwa kama Salt Lick, ile iliyojengwa juu ya nguzo ili wageni watazame wanyama wakinywa maji chini yao, si za mfuko wa kila mtu. Lakini pale pale Ndara mna mlima wa Sagalla, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuita kwa jina hilo hilo la Ndara. Wamisheni Waingereza walifika juu yake mwaka wa 1883. Pandeni taratibu asubuhi ya baridi mkiwa na chupa ya chai na kimanga kwenye bakuli, mketi mkitazama reli, barabara na mbuga ya Tsavo chini yenu. Mkishuka, pitieni kwa wakulima waliozungushia mashamba yao uzio wa mizinga ya nyuki. Ndovu akigusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka akakimbia, na mwenye shamba hubaki na mahindi yake na asali juu yake. Pengine hapo ndipo Baba Watoto atapata njia ya kupunguza kukesha, na hilo lingekuwa zawadi kubwa kwa mke wake kuliko hoteli yoyote.

Kwa Baba Watoto nina neno moja la mwisho, ndugu yangu. Umemkasirikia Grogan kwa haki. Lakini huyo uliyemcheka si Grogan. Ni mjukuu wa mtu aliyeishia mlango wa nyuma, na anakuomba umsindikize hadi mlango wa mbele. Ukiona huwezi kulala katika nyumba ile, mwambie hivyo kwa upole mkiwa wawili, nawe utaje mahali pengine na tarehe. Kukataa bila kutaja pengine ndiko kunakomfanya mke aache kuomba, na siku atakapoacha kuomba, usidhani ameridhika.

Kwa Mama Watoto, usinyamaze. Umeshakuwa na ujasiri wa kutuandikia sisi tusiokujua. Hayo ya babu yako, mwambie mumeo jinsi ulivyotueleza, pasipo mama mkwe wala watoto. Huenda hajawahi kuyasikia.

Nanyi wasomaji wengine, kipupwe hakijaisha. Mwulize mwenzako usiku wa leo swali hili: kama tungepata siku mbili peke yetu, ungependa twende wapi, na kwa nini? Sikiliza jibu hadi mwisho kabla ya kutaja pesa.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.