MASTAA WA UPANGA, KIJIJI CHA WATU SIO LOKESHENI YENU!

Wikiendi hii mtandaoni stori ni moja tu: kapo ya Upanga iliyovuka maji kwenda kula bata Zanzibar. Majina yabaki kapuni, mwenye macho haambiwi tazama. Bibie ni staa wa bongo muvi, jamaa yake ana maduka Kariakoo.

Klipu yenyewe ni fupi. Kwadi sita, zile pikipiki za matairi manne, zinakata katikati ya kijiji upande wa Paje na Jambiani, spidi ya kufa mtu. Bibie yuko mbele na kivazi cha kuogelea, anapiga kelele za raha. Watoto wanaotoka chuo na juzuu mkononi wanaruka pembeni. Kando ya njia kuna mwani umeanikwa, unakula vumbi lote. Mama mmoja anajifunika uso kwa kanga. Kepsheni: "Kisiwa chetu".

Chenu tangu lini?

Bibie pengine alidhani ule mwani ni takataka za baharini. Wanawake wa Paje na Jambiani wanalima mwani wa kuuza tangu mwaka 1989, na kwa wengi wao ndiyo hela yao wenyewe, ya daftari la mtoto na unga wa nyumbani. Maji yakitoka wanaingia baharini na kamba na vijiti, wanafunga mbegu moja moja huku mgongo umepinda na jua linawachoma. Wakivuna wanabeba mzigo umelowa, wanaanika siku kadhaa, ndipo uende kwenye mizani. Ukijaa mchanga na uchafu, haununuliki vizuri. Jasho lote hilo linaharibiwa kisa kiki!

Kinachochekesha, huyu huyu bibie juzi kati aliwaka Insta kisa bodaboda walipiga honi usiku chini ya ghorofa lao Upanga. Eti watu hawana ustaarabu. Haya, tugeuze kibao. Kwadi sita za watu wa Jambiani zinaingia mtaani kwake, zinamfukizia moshi mama yake anayeanika nguo balkoni, wanamrekodi bila ruhusa, wanaposti na emoji za kucheka. Si mtaa mzima ungeita polisi?

Wapambe nao wamejaa: "Acheni wivu, wanaingiza hela kisiwani." Hela ya kwadi kachukua mwenye kwadi. Hela ya chumba kachukua mwenye hoteli. Mama wa mwani kapata nini zaidi ya vumbi?

Hakuna aliyesema watu wasiende Zanzibar wala wasiendeshe kwadi. Huko porini na kwenye njia za wazi, jiachie. Ukizikaribia nyumba za watu punguza mwendo, jitupie hata kanga, wasalimie wazee barazani, omba kabla hujarekodi. Hiyo haihitaji hela wala foloazi, ni malezi tu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wa Upanga wamekuja, wamepata laiki zao, wamepanda boti kurudi Dar. Mwenyeji kaachwa anakung'uta mwani.

Mdau unalionaje hili? Shuka na komenti, ila matusi hapana.