Nani Analazimika Kujibu?

Kila kampuni kubwa ya teknolojia ya Marekani inapowaachisha kazi watu elfu kumi, mezani kwangu hutua makala mbili tatu za aina moja: namna ya kurejesha imani ya wafanyakazi kwa viongozi wao. Dawa ni zilezile. Mtendaji mkuu aseme kwa uwazi, azungukie ofisi, awajue watu kwa majina, asikilize. Toleo hili lilianza kama jibu la makala hizo, na hasira iliyomo ndani yake nimeiacha makusudi.

Takwimu wengi wenu mnazo. Mwaka 2018 gazeti la Wall Street Journal lilifichua matokeo ya hojaji ya ndani ya Facebook: waliokuwa na matumaini na mustakabali wa kampuni walikuwa asilimia 52, kutoka 84 mwaka uliotangulia. Haikupita muda ikawa zamu ya Google. Waliosema wanaamini kwamba mtendaji mkuu Sundar Pichai na wenzake wataiongoza vyema kampuni huko iendako walishuka kutoka asilimia 92 hadi 74. Washauri wa rasilimali watu walizipokea namba hizo kama nesi anayesoma kipimajoto: mgonjwa ana homa, apewe panadol.

Lakini tazameni kilichokuwa kikitendeka Google mwaka ule. Tangu 1999 kampuni ilikuwa na mkutano wa wote kila wiki, ambapo waasisi walisimama mbele ya watu na kuulizwa. Maswali yalipangwa kwa kura za wafanyakazi wenyewe kwenye mfumo walioupa jina la Dory; lililopata kura nyingi lilipanda juu, na kulikwepa mbele ya ukumbi mzima ilikuwa aibu. Mwaka 2018 wafanyakazi zaidi ya 4,000 walitia saini kupinga mkataba wa Maven na jeshi la Marekani, na mwezi Juni uongozi ukasema hautauhuisha. Novemba mosi, takriban watu 20,000 walitoka maofisini duniani kote baada ya kubainika kuwa kigogo mmoja aliyetuhumiwa kumdhalilisha mwenzake kingono, tuhuma anazozikana, aliagwa na dola milioni 90. Februari iliyofuata kampuni ikatangaza kuondoa sharti lililowazuia waajiriwa wake kwenda mahakamani.

Kwa hiyo asilimia 74 ile ilitoka kwa watu waliokuwa kwenye kilele cha nguvu zao. Walikasirika kwa sababu waliamini hasira yao ina pa kufika, na kweli ilifika. Ningekuwa mwanahisa, ningeifurahia namba ile.

Wakubwa waliielewa vizuri kuliko washauri wao. Novemba 2019 mkutano wa kila wiki ukafanywa wa kila mwezi. Tarehe 20 Januari 2023 ilitangazwa kwamba watu takriban 12,000 wangeondolewa, wa Marekani wakijulishwa kwa baruapepe, na wapo waliojua kwa sababu tu akaunti zao za kazini zimegoma kufunguka alfajiri. Aprili 2024 takriban 50 walifukuzwa kufuatia maandamano ya kupinga mkataba wa Nimbus na serikali ya Israel. Mwaka huohuo Dory nayo ikawekwa kando. Siku hizi akili mnemba ndiyo inayoyafupisha maswali kabla hayajamfikia bosi. Fikirini swali chungu lililoandikwa na mtu aliyekesha nalo, likikandwa pamoja na mengine arobaini mpaka liwe sentensi moja yenye adabu.

Imani ikishuka leo, basi, si kushuka kule kwa 2018. Ile ilikuwa kelele ya wanaotarajia kujibiwa. Hii ni hesabu ya wanaotazama soko la ajira na kufunga midomo. Hojaji huzipa hali zote mbili namba moja. Na hofu ikikolea, namba itapanda, kisha tutaletewa makala za kusifu uongozi uliorejesha imani.

Wapo watakaosema sababu ni uchumi: riba ilipanda, na ajira za wakati wa korona zilipita kiasi. Sibishi. Meta, kampuni mama ya Facebook, ilipunguza watu 11,000 Novemba 2022 na kutangaza wengine 10,000 Machi iliyofuata. Amazon ilifikisha 27,000 katika kipindi hichohicho. Ninachokataa ni zile barua za kubeba dhamana. Zuckerberg, bosi wa Meta, alisema anaibeba, Pichai akasema anaibeba yote. Malipo ya Pichai kwa 2022, mengi yakiwa hisa, yalikuwa kama dola milioni 226, na Aprili 2023 bodi ikaidhinisha dola bilioni 70 za kununua hisa za kampuni yenyewe. Mzigo wa namna hiyo wengi tungejitolea kuubeba. Kura nyingi za wanahisa wa Meta ziko mkononi mwa Zuckerberg. Za Alphabet, kampuni mama ya Google, ziko kwa waasisi wake, Page na Brin. Kumwambia mfanyakazi wa hapo kwamba imani yake ni hazina ya kampuni ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Makala ya kwanza katika toleo hili inahusu OpenAI, ambako Novemba 2023 zaidi ya 700 kati ya wafanyakazi 770 hivi walitishia kuondoka bodi ilipomfukuza mtendaji mkuu, na bodi ikasalimu amri. Inafaa kusomwa na wanaodhani imani ni jambo la moyoni. Ya pili, kuhusu agizo la Amazon la kurudi ofisini siku tano kwa wiki, ni fupi na haina upole. Mahojiano ya ukurasa wa katikati yanajieleza yenyewe.

Iliyonishika zaidi inatoka Nairobi. Hojaji nilizozitaja huulizwa waajiriwa, na asiyekuwepo na lake halipo. Mwaka 2019 Google ilikuwa na watu wa mikataba na vibarua 121,000 dhidi ya waajiriwa 102,000. Waliokuwa wakichuja picha za mauaji na ubakaji kwa ajili ya Facebook, wengine kwa Kiswahili hikihiki, waliajiriwa na kampuni ya kandarasi ya Sama, wakilipwa wengine chini ya dola mbili kwa saa. Hakuna aliyewauliza kama maono ya Zuckerberg yanawatia moyo. Walipoachishwa mwaka 2023, 184 kati yao walikwenda mahakamani, na Mei mosi waliokuwa wakifanya kazi hiyo kwa kampuni mbalimbali walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuanzisha chama chao. Meta ilidai haiwezi kushtakiwa Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema inaweza. Mwandishi wetu amekaa na shauri hilo ukurasa kwa ukurasa, na nimempa nafasi mara mbili ya wenzake. Waliolalamika kuhusu mgawo huo wana haki ya kulalamika.

Wasomaji wetu wa idara za rasilimali watu, nanyi ni wengi, ukurasa wa barua uko wazi. Mkituandikia, tuelezeni ni swali gani la wafanyakazi ambalo bosi wenu hawezi kuligomea, na kwa kifungu gani. Grafu za furaha kazini tunazo za kutosha.