Tujivunie Nini Saffron Walden?

Ndugu msomaji, wako watu wa namna mbili ambao wakirudi kutoka Uingereza hunichosha masikio. Wa kwanza ni yule anayesema kwamba Waingereza wamezaliwa na ustaarabu wao, na sisi wengine tumenyimwa. Wa pili ni yule anayemjibu kwa kiburi kuwa kila walicho nacho Waingereza wamekichukua kwetu, na akishasema hivyo hana tena la kufanya. Niliwakuta wote wawili katika mji mmoja mdogo, siku moja, nami nataka kuwajibu mbele yako.

Mji wenyewe ni Saffron Walden, katika jimbo la Essex. Ukipanda treni London, katika stesheni ya Liverpool Street, baada ya kiasi cha saa moja unashuka Audley End, kwani reli iliyokuwa ikiingia mjini ilifungwa mwaka 1964. Maili mbili zilizobaki utakwenda kwa basi au kwa miguu yako. Wakazi wake hawafiki 20,000. Zamani uliitwa Chipping Walden, na neno hilo la kwanza, kwa Kiingereza cha kale, ni soko. Soko hilo lilihamishiwa hapo mwaka 1141, na mpaka leo wachuuzi hupanga meza zao kila Jumanne na Jumamosi. Nyumba za mbao na chokaa za karne ya 15 na ya 16 zingali zinakaliwa na watu, na baadhi yake kuta zake zimetiwa nakshi.

Mwenzetu wa kwanza alisimama mbele ya nyumba mojawapo akatikisa kichwa. Akasema, "Hawa ndio watu!"

La, ndugu yangu. Katika mji huohuo, mwezi wa Agosti 1555, fundi mmoja wa vyombo aitwaye John Newman alichomwa moto hali yu hai kwa ajili ya itikadi yake. Naye alikuwa Mkristo, na waliomchoma walikuwa Wakristo. Mwaka 1647 jeshi la Bunge lilipiga kambi hapo, na maofisa wakagombana na wajumbe wa Bunge ndani ya kanisa kwa habari ya mishahara ya askari isiyolipwa. Je, huo nao ni ustaarabu wa kuzaliwa nao? Na hizo nyumba unazozitazama hazikusimama kwa sababu ya damu ya wenyeji. Zimesimama kwa sababu iko sheria, iliyotiwa nguvu mwaka 1947, ya kuziandika nyumba za kale katika orodha, na mwenye nyumba iliyoandikwa haruhusiwi kuivunja wala kuibadili apendavyo bila ya idhini. Ondoa sheria hiyo, uone kama hapatajengwa duka la ghorofa kabla mwaka haujaisha. Mwingereza anapenda faida kama mtu mwingine yeyote.

Sasa nije kwa huyu wa pili, ambaye kwa hakika ndiye aliyeniudhi zaidi, kwa sababu ni mwenyeji wangu na kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli.

"Unajua Saffron ni nini?" aliniuliza. "Ni zafarani! Neno letu la Kiarabu. Mji mzima wa Waingereza umebeba jina letu."

Ni kweli. Katika karne ya 16 na ya 17 mashamba ya pembeni mwa mji huo yalilimwa zafarani kwa wingi, kwa ajili ya kutia rangi nguo, na dawa, na chakula, hata mji ukabadili jina na ua lake likachongwa ndani ya kanisa. Richard Hakluyt aliandika habari aliyoisikia ya hujaji mmoja aliyeiba tunguu la zafarani katika nchi za mbali, akalificha ndani ya fimbo yake aliyokwisha kuitoboa, akalileta kwao, ilhali angekamatwa angeuawa. (Angalia jinsi wizi unavyosifiwa ukiwa umefanywa kwa ajili ya nchi ya msimuliaji.) Lakini mwenyeji wangu hakusema nusu ya pili. Wagiriki na Wafursi walilijua ua hilo kabla Uislamu haujadhihiri. Waislamu wa Andalusia waliheshimiwa kwa zafarani kwa sababu waliilima, wakaijulia udongo wake na maji yake. Hawakuheshimiwa kwa sababu walikuwa na neno lake.

Tulipokuwa tukitembea sokoni, mwanawe mdogo akamwuliza, "Baba, zafarani hupandwaje?" Baba mtu akanyamaza. Kisha akamwambia asisumbue watu wazima.

Basi mimi nikamjibu mtoto nilivyojua: kwamba haina mbegu, hupandwa tunguu, kwamba huchanua majira ya Oktoba, kwamba maua huchumwa asubuhi na mapema kabla ya kunyauka, na kwamba kila ua lina nyuzi tatu tu nyekundu, hata yatakiwa maua zaidi ya 100,000 kupata kilo moja kavu. Mtoto alifungua macho. Baba yake alikuwa akitazama saa.

Na kilimo hicho, hapo Saffron Walden, kilikufa katika karne ya 18. Kazi yake ilikuwa na gharama kubwa, na zafarani ya nchi nyingine ikawa rahisi. Wenyeji hawakukaa kulilia jina. Waligeukia shayiri na kimea, mji ukatajirika upya. Sisi tunaojivunia jina, ndugu msomaji, tuligeukia nini? Tumekuwa kama mrithi anayeonyesha hati ya shamba ambalo hajui hata liko upande gani.

Miaka hii ya karibuni wakulima wachache wa Essex wameanza tena kuipanda. Wanainama mashambani katika baridi ya Oktoba wakichuma ua kwa ua. Mwenyeji wangu anakaa karibu nao kwa mwendo mfupi wa gari, na hajakwenda kuwatazama hata mara moja.