Luku Moja, Wapangaji Watano



Nyumba nyingi tunazopanga hapa Mkonze, Dodoma, ni za vyumba vilivyofuatana, kila mlango na familia yake, na mita moja ya luku ukutani kwa wote. Umeme ukiisha, mmoja wetu hupita mlango kwa mlango kukusanya michango, na maneno huanzia hapo: nani ana friji, nani anapiga pasi kila asubuhi, nani alisafiri na hataki kuchanga. Taa haitajwi, kwa sababu tunaiona ni kitu kidogo. Naomba leo tuipigie hesabu.

Balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye waya mwembamba ndani, inayounguza ukiigusa kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto, ikiwaka nje tangu saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi hula karibu uniti 22 kwa mwezi. Ongeza vyumba vitano, kila kimoja na balbu ya aina hiyo ikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku: uniti 45. Jumla inapita 66, na hapo hata simu moja haijachajiwa. Weka LED za wati 9 mahali pale pale, ziwake muda ule ule: uniti 10 tu kwa mwezi, na mwanga haupungui.

Tofauti hiyo ina uzito wake. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016 na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati, mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Daraja linalofuata ni shilingi 292. Na mita haijui idadi ya milango. Familia tano ambazo kila moja peke yake ingekuwa mtumiaji mdogo kabisa, zikiwekwa kwenye luku moja, zinavuka 75 bila hata kutambua. Sisemi kwamba LED zitairudisha kila nyumba kwenye bei ya chini. Yenye friji mbili haitarudi. Lakini nyumba ya taa, redio, televisheni na simu inaweza kabisa kubaki huko.

Ndiyo maana naleta wito huu kwa wote, si kwa mtu mmoja mmoja. Mpangaji akinunua LED kwa fedha yake, anachookoa kinagawanywa kwa watano huku balbu ya jirani ikiendelea kula. Basi kila mtu anamsubiri mwenzake, na taa ya koridoni, ambayo haina mwenyewe, inabaki ya zamani mpaka iungue. Kikao cha jioni moja kinatosha kumaliza jambo hili: mchango wa mara moja, balbu zote zibadilishwe siku moja, tukianza na ya nje. Mama mwenye nyumba, baba mwenye nyumba, taa ya nje inalinda mali yenu. Tunawaomba hiyo muinunue ninyi. Akina mama wa vikoba, mnajua kununua kwa jumla kuliko sisi sote. Katoni moja ikigawanywa kwa nyumba kadhaa, bei ya kila balbu inashuka.

Tusinunue kwa macho tu. Soma boksi: balbu ya kushika nafasi ya ile ya wati 60 inapaswa kuandikwa lumeni 800 hivi. Angalia pia inavumilia volti ngapi, maana umeme wetu hupanda na kushuka. Iliyoandikwa inaanzia chini ya volti 200 itaendelea kuwaka umeme ukishuka. Dai risiti na waranti.

Najua wapo watakaosema Bwawa la Julius Nyerere limekwisha, megawati 2,115 zipo, tubane matumizi ya nini? Ni kweli, na mgao uliotutesa hadi mwanzoni mwa 2024 hatuutamani tena. Lakini bwawa halikulipii luku. Na umeme wa bwawa hilo la Rufiji bado unapita kwenye transfoma ya mtaa, ambayo jioni inabeba nyumba zote kwa pamoja, na nyumba zimeongezeka mno tangu Serikali ihamie Dodoma. Ghana walilielewa hili mwaka 2007: maji ya bwawa la Akosombo yalipopungua, serikali iligawa balbu milioni 6 za kubana matumizi. Sisi hatuna haja ya kungoja mgao ndipo tuanze.

Tukibadilisha balbu, wenye enaji seva za zamani, zile za mrija uliojikunja, msizitupe ovyo wala kuwaachia watoto kuzichezea. Zina zebaki ndani. Moja ikivunjika, fungua madirisha na usiokote vipande kwa mikono mitupu.

Mkutano ujao wa mtaa, tumwombe mwenyekiti jambo hili liwe ajenda kamili, lisisubiri mengineyo wakati nusu ya watu wameshaondoka. Kila nyumba imtume mtu mmoja, aje na idadi ya balbu zake na wati zilizoandikwa juu yake.